Ankara kwa barua pepe au kwa karatasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafanyabiashara wadogo wa Moshi Vijijini

Ukurasa huu ni wa wenye maduka ya pembejeo, wenye mashine za kusaga, mafundi wa milango na madirisha, wakulima wanaopeleka mboga mahotelini na vikundi vya akina mama wanaouza maziwa, kuanzia Himo na Marangu hadi Uru na Kibosho. Baadhi yao nawaandalia hesabu, na lalamiko ninalolisikia kila mwezi ni lile lile: "Wanasema ankara wameshatuma, mimi sijaiona." Majibu yamelenga mtu mwenye simu moja, bando la kubana, na anayeshuka mjini siku akiwa na jambo la maana tu.

Kwa nini wauzaji wa jumla wameacha kutoa ankara za karatasi?

Kwa sababu kwao barua pepe ni rahisi. Programu ya hesabu inaandaa ankara, inaituma yenyewe, na nakala inabaki ofisini bila mtu kugusa karatasi. Zamani walinunua karatasi, wino na bahasha, wakamlipa na mtu wa kuzipeleka. Gharama ile haikufutika, imehamia kwako: bando ni lako, nauli ya kushuka mjini ni yako, na hela ya kuchapa pale steshenari ni yako. Jambo hili linaniudhi na sitalificha. Wakubwa walibadilisha utaratibu bila kumuuliza yule atakayeubeba.

Hata hivyo, karatasi nayo tusiisifie kupita kiasi. Huku kwetu hakuna tarishi anayepita nyumba kwa nyumba. Barua inaishia kwenye sanduku la posta, na wengi tunatumia sanduku la shule, la parokia au la usharika. Ankara ya Machi unaweza kukabidhiwa Mei, baada ya ibada. Ankara za karatasi zilizotufikia kwa wakati ni zile zilizokuja na mzigo, mkononi mwa dereva. Hizo ndizo za kudai zirudi.

Kwa hiyo unashauri ipi?

Karatasi ije na mzigo, barua pepe ije kama nakala. Na anayetakiwa kulipa ndiye achague njia, kwa sababu ndiye atakayeambiwa amechelewa.

Ankara ya barua pepe inakubalika kisheria? Haina muhuri wala saini.

Inakubalika. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na sheria hiyo haikubali kumbukumbu ikataliwe kwa sababu tu iko katika mfumo wa kielektroniki. Kukitokea mgogoro kitakachoangaliwa ni kama kumbukumbu hiyo inaaminika: ilitoka wapi, ilitunzwaje, na kama imeguswa. Kwa hiyo usifute barua pepe yenyewe ukabaki na picha ya skrini. Barua ya asili inabeba tarehe, saa na anwani ya mtumaji, wakati picha ya skrini mtu yeyote anaweza kuitengeneza.

Nikishapata ankara, bado nahitaji risiti ya EFD?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ankara inakudai ulipe. Risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kielektroniki ya kodi, ndiyo inayothibitisha mauzo mbele ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Nimeona mafaili yamejaa ankara nzuri za rangi zenye nembo ya kampuni, na risiti hata moja hakuna. Ofisa wa kodi akiuliza ushahidi wa manunuzi, yale makaratasi ya rangi hayatamridhisha.

Unapolipa, mwambie muuzaji aingize TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi, kabla hajatoa risiti. Ukiiskani ile alama ya QR iliyo chini, simu inakupeleka kwenye ukurasa wa TRA wa uhakiki na unaona kama risiti ni halali na kama kiasi ni kile ulicholipa. Wafanyabiashara wengine wanatumia mashine pepe, zile VFD, na risiti yao inaweza kuja kama PDF au kiungo kwenye simu. Nayo ni risiti kamili. Ifungue siku hiyo hiyo, uihifadhi.

Risiti zangu za EFD zimefutika, karatasi imebaki nyeupe. Nifanyeje?

Zilizokwisha kufutika, jaribu kurudi kwa muuzaji ukiwa na tarehe na kiasi, maana mauzo yale yana kumbukumbu kwake. Kwa zinazokuja, elewa kwanza kwa nini zinafutika. Karatasi ile haichapwi kwa wino. Ina dawa juu yake inayogeuka nyeusi ikipata joto, na baadaye joto, jua na mafuta vinaiharibu. Sasa fikiria mahali zinapokaa: zimechomekwa kwenye msumari nyuma ya kaunta chini ya bati, au zimo kwenye mfuko wa nailoni karibu na dumu la mafuta ya kula. Mwenye duka mmoja wa Marangu Mtoni alinionyesha rundo lake lote la mwaka. Za juu zilisomeka, za katikati zilikuwa na kivuli cha tarakimu, na za chini zilikuwa vipande vyeupe vilivyojikunja kama maganda ya kitunguu.

Piga picha siku ile ile, kwenye mwanga, risiti ikiwa imenyooka mezani na alama ya QR ikionekana yote. Kama ni ya manunuzi makubwa, toa na fotokopi kwenye karatasi ya kawaida, uibane pamoja na risiti yenyewe.

Barua pepe yangu nilifunguliwa na kijana wa steshenari. Sijui nywila. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa, na hili ni swali ambalo natamani watu walifikirie kuliko mengine yote hapa. Mama anakwenda steshenari kwa ajili ya maombi ya TIN au leseni, anaambiwa fomu inataka barua pepe, kijana anamfungulia pale pale kwa dakika tano. Namba ya simu ya kurejesha akaunti inawekwa ya kijana, nywila inaandikwa kwenye daftari la kijana. Kijana akihamia Dodoma, akaunti imeondoka naye. Ankara zinaendelea kuja, arifa za kodi zinaendelea kuja, na mwenyewe hana habari.

Mara tu usomapo hapa, kama bado unampata kijana yule, kaa naye chini. Badilisheni namba ya kurejesha iwe ya laini iliyosajiliwa kwa jina lako, badilisheni nywila, na uiandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Kama hapatikani tena, fungua akaunti mpya yenye jina la biashara, kisha uwaarifu wote wanaokutumia ankara, na TRA pia, kwamba ile ya zamani isitumike. Na usiiache ikalala: Google inaweza kufuta akaunti ambayo haijatumika kwa miaka 2.

Wengine barua pepe inashikwa na mtoto aliye Dar es Salaam au Arusha mjini. Hilo halina tatizo kama mmekubaliana siku ya kuangalia. Mtoto aliyechoka na kazi zake hatakumbuka ankara ya mifuko ya chakula cha kuku kama hakuna siku maalum.

Wanasema wametuma, kwangu hakuna kitu. Niangalie wapi?

Anza na anwani. Mwombe aliyetuma akusomee herufi moja moja, maana nukta moja iliyopitiliza au "gmail" iliyoandikwa vibaya inatosha kuipoteza. Kisha angalia folda ya barua taka na ile ya matangazo. Ankara zinazotumwa na programu huchukuliwa kama matangazo mara nyingi.

Cha mwisho ni nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na nafasi hiyo inagawanywa na picha na video za simu. Sherehe mbili za kipaimara na video za kwaya zinaweza kuijaza. Ikijaa, barua mpya hazipokelewi, zinarudi kwa aliyetuma, na yeye pengine haangalii zinazorudi. Hapo kila mmoja anasema kweli: yeye ametuma, wewe hujapata.

WhatsApp je? Ndiyo ninayoitumia kila siku.

Itumie, ila kwa masharti. Ankara ije kama faili la PDF. Picha iliyopigwa kwa haraka tarakimu zake hazisomeki ukiikuza. Ikishafika, itoe kwenye mazungumzo: jitumie kwenye barua pepe yako au uihifadhi kwenye Drive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Google. Faili la WhatsApp linakaa kwenye simu yako. Simu ikiibiwa au ikitumbukia kwenye ndoo ya maziwa bila kuwa na nakala mahali pengine, kumbukumbu zimekwenda nayo.

Nawezaje kuomba karatasi bila kuonekana mkorofi?

Omba mapema, kabla hamjakwaruzana. Ujumbe kama huu unatosha:

"Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa duka la pembejeo, Mwika. Naomba kila mzigo uje na ankara ya karatasi mkononi mwa dereva, na nakala mnitumie kwa barua pepe. Siku za malipo tuzihesabu kuanzia siku nitakayosaini kupokea. Ahsanteni."

Wakikataa, waulize kama dereva anaweza angalau kuja na hati ya mzigo yenye namba ya ankara. Namba hiyo peke yake inakuokoa, kwa sababu ukipiga simu ofisini hutasema "ule mzigo wa juzi", utasema namba.

Mimi ndiye ninayetoa ankara. Hoteli inataka PDF kwa barua pepe, na mimi nina kitabu cha kaboni. Nitaweza?

Utaweza, na kitabu chako usikitupe.

Wanaopeleka mboga, mayai na parachichi kwenye hoteli za Marangu na Moshi mjini, au kuelekea Usa River na Karatu, wanajua kwamba hoteli ina watu wawili wasioonana. Wa kwanza ni mtunza stoo, anayepokea mzigo alfajiri. Wa pili ni mhasibu, aliye ofisini, pengine Arusha mjini, asiyewahi kuona hata jani moja la spinachi yako. Mhasibu analipa kwa kulinganisha karatasi tatu: LPO, yaani hati ya hoteli ya kuagiza mzigo, hati ya mzigo iliyosainiwa na mtunza stoo, na ankara yako. Zikitofautiana hata kwa kilo moja, anaiweka pembeni. Hakupigii simu. Anaiweka pembeni tu.

Tazama inavyotokea. Umeagizwa kilo 40 za karoti. Usiku binti yako anaandaa PDF nzuri, kilo 40, anaituma. Asubuhi mtunza stoo anapima kwenye mizani yake, anakataa kilo 3 zilizovunjika, anakata 40 kwa kalamu na kuandika 37 kwenye hati, anasaini. Tayari ankara yako na hati haviendani. Wiki sita baadaye unauliza pesa, unajibiwa "kuna tatizo la nyaraka."

Kwa hiyo ankara iandikwe baada ya mizani, kamwe isiwe kabla. Beba kitabu cha kaboni hadi stoo, andika kilo zilizopokelewa, mtunza stoo asaini na kuandika jina lake kwa herufi zinazosomeka, agonge muhuri kama upo. Nakala ya juu unamwachia, ya chini unabaki nayo. Kisha piga picha ya ukurasa ule kwa programu ya kuskani ya simu, inayotoa PDF, uitume kwa mhasibu siku hiyo hiyo. Hoteli nyingi zitaridhika na ukurasa wa kitabu ulioskaniwa vizuri kama una jina lako, TIN, tarehe, namba ya ankara, namba ya LPO, aina ya bidhaa, kilo, bei na mahali pa kulipia. Kama umefikia kiwango cha kutumia EFD, risiti nayo iende.

Kwenye kichwa cha barua pepe andika namba ya ankara na namba ya LPO. Usiandike "Ankara" peke yake, maana mhasibu ana mia za jina hilo.

Na mwombe mhasibu ajibu "nimepokea". Neno hilo moja ndilo saini yako ya upokeaji.

Siku 30 za malipo zinahesabiwa kuanzia lini?

Kuanzia mlipokubaliana. Kama hamkukubaliana, kila upande utahesabu kwa faida yake: muuzaji kuanzia alipotuma, mnunuzi kuanzia alipoiona. Andikeni mstari mmoja kwenye makubaliano.

Nimepata barua pepe inasema kampuni imebadilisha akaunti ya benki. Nilipe huko?

Usilipe bado. Wezi huingia kwenye barua pepe ya muuzaji, husoma mazungumzo, kisha hutuma ankara inayofanana kabisa na ya kweli, ila namba ya akaunti ni yao. Ni ndugu wa ule ujumbe tuliouzoea wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Ile iliyoandikwa kwenye barua mpya usiipigie. Hapa karatasi ina faida ambayo watu wa mjini wanaisahau: dereva unamjua, na ankara aliyokuletea ina akaunti ile ile ya mwaka jana.

Ukilipa kwa lipa namba, jina la mwenye namba linatokea kabla hujathibitisha. Lisome lote. Ujumbe wa kitapeli uliokuja kwa simu, utume kwenda 15040.

Bili za umeme na maji nazo?

Umeme wa LUKU unalipa kabla ya kutumia, kwa hiyo ushahidi wako ni ule ujumbe wenye tokeni ya tarakimu 20 na mchanganuo wa makato. Mwenye mashine ya kusaga, ujumbe huo ni gharama halali ya biashara, na wengi wanaufuta mara tu wanapomaliza kuingiza namba. Maji na malipo mengine ya taasisi za umma yanakwenda kwa kontrol namba ya tarakimu 12. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe na kiasi, kwa sababu ujumbe mfupi ndicho kitu cha kwanza kupotea kwenye simu iliyojaa.

Kwani kutunza haya yote kunanipa nini? Biashara yangu ni ndogo.

Kunakupa pesa, na hesabu yake ni hii. Kwenye jedwali la kodi ya makadirio kwa mtu binafsi, mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kama umeuza milioni 5 na nusu, asilimia 3 ya milioni moja na nusu ni 45,000. Zilizobaki, 55,000, ndizo malipo ya daftari lako. Kwenye kundi la juu yake, milioni 7 hadi 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000, wakati aliyeuza milioni 9 akiwa na kumbukumbu analipa 150,000.

Sheria ya Fedha huanza kutumika kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo ulizia ofisi ya TRA kabla ya kukadiriwa kama jedwali limeguswa.

Nitunze kwa muda gani, na wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka angalau miaka 5, ziwe karatasi au za kielektroniki. Mahali, mimi nawaambia watu wawe na vitu vitatu tu. Faili moja la karatasi kwa kila mwaka, lililopangwa kwa tarehe. Usipange kwa majina, maana majina yatakuchanganya. Folda moja kwenye Drive yenye mwaka huo huo. Na daftari la mistari, ambamo kila ankara inapata mstari: tarehe iliyofika, imetoka kwa nani, namba, kiasi, imekuja kwa njia gani, imelipwa lini, risiti ipo au haipo. Daftari ndilo linalounganisha karatasi na simu. Bila hilo, utakuwa na nusu ya mwaka ndani ya boksi na nusu nyingine ndani ya simu, na hakuna nusu inayojua habari za mwenzake.

Mzee wetu ana duka na hataki kusikia habari za barua pepe. Tumlazimishe?

Msimlazimishe. Wazee wa mlimani huku wana sababu ya kuamini karatasi. Tangu enzi za vyama vya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNPA ya mwaka 1925 na KNCU iliyoifuata mwaka 1933, mkulima alipeleka kahawa chamani, ikapimwa, akapewa stakabadhi. Malipo ya pili yalipokuja, stakabadhi ndiyo iliyosema wewe una kilo ngapi. Aliyeipoteza alibaki kusimulia. Mtu aliyelea watoto na kuwasomesha kwa karatasi zile ana haki ya kutaka ankara anayoweza kuishika na kuifuata mstari kwa mstari kwa kidole.

Mtoto au mjukuu afungue barua pepe, achape ankara zote za wiki kwa safari moja, amkabidhi mzee, na mzee ndiye aamue ipi ilipwe kwanza. Duka libaki lake. Pesa ya kuchapa iandikwe kwenye gharama za duka, isitoke mfukoni mwa mjukuu.

Siku umeme na mtandao vimekatika na mwenye mzigo anasubiri?

Andika kwenye kitabu cha kaboni, msaini wote wawili, mpeane nakala. Vikirudi, tuma PDF yenye namba ile ile ya kitabu. Usitoe namba mpya, utahesabiwa mauzo mawili.

PDF niliyotumiwa inadai nywila, steshenari imeshindwa kuifungua.

Mara nyingi aliyetuma ameeleza nywila ndani ya barua yenyewe, kwa mfano tarakimu za mwisho za simu au za TIN yako. Soma barua yote kabla ya kwenda kuchapa. Ifungue kwanza kwenye simu yako, uihifadhi upya bila nywila kupitia sehemu ya kuchapa ya simu, ndipo uipeleke. Na ukimaliza kuchapa, hakikisha mbele ya macho yako kwamba kijana ameifuta kwenye kompyuta yake.